Pampu ya Msikiti Iliyochelewa Kuzima

Kifaa cha kuwasha na kuzima pampu ya msikiti wetu, hapa kijijini Ruaruke, nilikitengeneza mimi. Tangi likijaa kilichelewa sekunde sita, maji yakafurika. Siku tatu nilibadilisha nyaya na kupekua programu, nisione kosa.

Ijumaa, watu wakitawadha, muadhini Mzee Mwarami akaniambia, "Likifurika leo, mwanangu, tunamwita fundi wa Kibiti." Akaona waya wa spika ndogo ya kifaa umechomoka, akaurudisha.

Tangi likajaa. Maji yakamwagika, na kwenye spika sauti yangu, ikitetemeka, ikasoma Bismillahi taratibu mpaka mwisho. Ndipo pampu ikazima.

Niliirekodi isomwe kabla ya kila kazi, kuwasha na kuzima, kisha nikaona haya kuisikia sauti yangu, nikachomoa spika na kusahau. Kumbe kifaa kiliendelea kusoma kimyakimya, pampu ikingoja nimalize.

Mzee akakamua kanzu. "Bismillahi ya kuzima pampu ungeifupisha, mwanangu."