Gari Lililoruka Jumapili Tu

Mtaa mzima wa Kondele, mjini Kisumu, ulijua kwamba gari la Mzee Mathews Opondo halipendi kanisa. Jumatatu lilikwenda sokoni kimya kama paka aliyeiba. Katikati ya wiki lilimpeleka kwa daktari wa macho na kumrudisha bila neno. Lakini Jumapili asubuhi, likitoka getini kwa mwendo wa pole, lilianza kuruka: linasogea, linasita, linashtuka, linasogea tena, kama bibi harusi anayesukumwa na shangazi zake. Waliokuwa wakienda kanisani kwa miguu walisimama kando wakalitazama. Mmoja alishauri liombewe. Mwingine akakubali, ila liombewe nje ya uzio wa kanisa, maana pepo akitoka hujui ataingia wapi, na yeye ana pikipiki mpya.

Lilikuwa gari dogo la otomatiki, rangi ya fedha, aliloachiwa na mwanawe wa Nairobi aliponunua kubwa zaidi. Watu walilicheka na Mzee akacheka nao, mpaka ilipofika ile Jumapili ya wanakwaya.

Wanakwaya walikuwa wamejipanga kando ya ukuta wa kanisa wapigwe picha na majoho mapya. Ibada ilikuwa imekwisha, na Mzee alikuwa akilitoa gari uani mwa kanisa taratibu, adabu tele, mguu juu ya breki. Gari likashtuka, likasita, likaruka kuelekea kwenye majoho. Waimbaji wa sauti ya kwanza, ambao hawajawahi kuanza wimbo pamoja tangu kwaya iundwe, siku hiyo walianza kukimbia pamoja. Hakuna aliyeguswa. Lakini picha ilipotoka ilikuwa na ukuta na kiatu kimoja.

Debra, bintiye, muuguzi aliyerudi kuishi naye baada ya mama yake kufariki, alikuwa kiti cha mbele. Walipofika nyumbani akanyoosha mkono.

"Baba, nipe funguo. Mguu wako umechoka."

Kaka yake naye, akaongeza, ameshakubali. Gari litauzwa, na Baba atapelekwa anakotaka na mtu wa boda wanayemwamini.

Angeambiwa macho yamechoka, Mzee angekubali. Miwani ilikuwa pale puani ikitoa ushahidi. Angeambiwa masikio, angejifanya hakusikia. Lakini mguu ndio uliowalisha na kuwasomesha hao wanaoutukana. Akaomba jambo moja tu: fundi aliangalie gari kwanza. Fundi akisema ni mguu, ataweka funguo mezani mwenyewe na hataziulizia tena. Debra akakubali, kwa sura ya muuguzi anayemruhusu mgonjwa ajaribu mitishamba huku chumba cha upasuaji kikiandaliwa.

Opondo alizaliwa Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Aliingia kwenye lori la samaki kama mbeba magunia, na ndevu zake hazijakomaa akawa nyuma ya usukani: Usenge, Luanda Kotieno, halafu Kisumu, omena, wale dagaa wa ziwani, wakinukia hadi mbele. Klachi ya lori lile ilikuwa nzito kiasi kwamba mguu wake wa kushoto ulinenepa kuliko wa kulia. Hata leo akivaa kaptura utadhani mmoja ameuazima. Wanawake wa omena walimtambua kwa mlio. Madereva wengine waliingiza gia kama wanavunja kuni. Opondo aliingiza kama mtu anayefunga mlango mtoto akiwa amelala. Wakisikia utaratibu huo barabarani, walianza kufunga magunia.

Mmoja wao alikuwa Seline. Seline, mtu wa omena asubuhi hadi jioni, alikataa kupanda mbele akidai lori linanuka. Tena akamwuliza mbele ya watu, kama gari lake liko hivyo, nyumba yake iko aje. Jumamosi iliyofuata Opondo aliliingiza lori ziwani mpaka magurudumu yakazama nusu, akalisugua kama anatafuta dhahabu chini ya rangi. Seline akaja kukagua. Akaketi juu ya bampa, miguu ndani ya maji, akawa anaonyesha kwa kidole: hapo umeacha, na hapo pia. Wakaoana, na ukaguzi haukuisha. Kila Jumamosi lori liliingia ziwani, baadaye na Debra mdogo juu ya bampa lile lile, akinyoosha kidole kama mamake. Mtu akija na beseni na kitambaa, Seline alimcheka waziwazi. Hiyo si kuosha gari, alisema, hiyo ni kupangusa mgonjwa.

Basi Alhamisi wakaenda gereji, baba na binti, kila mmoja akiwa na hakika yake. Fundi Mureithi alikuwa amekuja Kisumu kutoka kwao Karatina kuuza viazi, akaona magari ya mji huu yanaoza haraka kuliko viazi, akabadilisha biashara. Kijaluo chake kiliwachekesha hata mbuzi, lakini hakuna aliyempelekea gari lizungumzishwe.

Alimwomba Mzee aendeshe, naye akaketi kando yake. Debra akapanda nyuma. Wakazunguka Kondele katikati ya tuktuk na mikokoteni, mwendo wa kusimama na kusogea, ule ambao gari kama hilo likiwa na kasoro lazima lijisaliti. Halikujisaliti. Lilitambaa kama mafuta juu ya sufuria. Mureithi hakuangalia barabara hata kidogo, aliangalia miguu.

"Mzee, na huo wa kushoto unafanya nini?"

Mguu wa kushoto ulikuwa ukikanyaga sakafu kila gia ilipobadilika, mahali ambapo klachi ingekuwa.

"Unakumbuka," Mzee akasema.

Mureithi akacheka, akamwambia auache ukumbuke, hapo hakuna pedali ya kuharibu. Waliporudi aliunganisha mashine yake ya kusomea magari, akasubiri, akakuna shingo. Akawaeleza kwamba ndani ya giaboksi hiyo kuna klachi mbili zinazopokezana kazi, moja ikiachia nyingine inashika, na kompyuta ndiyo inayozikanyaga badala ya mtu. Kwa kasi huwezi kuhisi kitu. Mwendo wa pole ndio mtihani wake, kwa sababu hapo klachi inashika nusu nusu. Mashine ilionyesha kwamba zimekuwa zikiteleza na kunata, lakini haikuonyesha kilichovunjika.

"Kama hakuna kilichovunjika, ni mguu," Debra akasema.

"Mguu mbaya ni mbaya hata Alhamisi, dada." Mureithi akamgeukia baba mtu. "Mzee, kila Jumamosi hii gari hufanywa nini?"

Mzee Opondo akapata hamu ya ghafla ya kutazama mbuzi waliokuwa wakipita. Akasema huoshwa.

"Huoshwa wapi?"

"Kwa maji."

Mureithi akachukua jeki. Alilipandisha gari, akaingia chini, akaanza kufungua kinga ya plastiki iliyo tumboni. Ilipolegea, kwanza ukamwagika mchanga. Halafu ikaanguka mizizi ya gugumaji, myeusi, bado ina unyevu. Halafu konokono mdogo na nyumba yake. Mwisho akaanguka omena mmoja, amekauka vizuri kabisa, ameiva kwa kuuzwa.

Debra akainama akamwokota. Alimshika kwa vidole viwili, akamtazama kwa muda mrefu kuliko omena anavyostahili.

"Baba, unaingiza hii gari ndani ya ziwa?"

"Inaingia yenyewe," Mzee akasema. "Mimi nageuza usukani tu."

Mureithi, akiwa bado chini, akaendelea kueleza, maana mafundi huona aibu kunyamaza familia inaponyamaza. Klachi hizo ni kavu, hazikai ndani ya mafuta. Maji ya ziwa yanaingia Jumamosi, usiku vyuma vinashika kutu nyembamba kama vumbi la pilipili, Jumapili asubuhi zikianza kushikana zinanata na kuachia, zinanata na kuachia. Ndiyo hiyo kuruka. Ukishaendesha siku moja mbili kutu inasuguliwa, zinatulia, halafu Jumamosi mnaanza upya. Lori la zamani lingevumilia. Hili, wakiendelea, litakufa kabla ya Krismasi. Kwa sasa likae mbali na maji, Jumapili waone wenyewe.

Debra hakumsikiliza sana. Alikuwa anajua mama yake alizikwa mwezi gani, na alikuwa anajua gari lilianza kuruka lini, na hakuwahi kuziweka tarehe hizo mbili pamoja mpaka leo: ulikuwa mwezi ule ule.

Wakiwa njiani kurudi alitamka masharti: gari likienda sawa Jumapili, funguo zinabaki kwa Baba, lakini ziwani haliingii tena. Mzee akakubali, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa achague jicho la kutolewa.

Jumamosi alishuka ufuoni kama kawaida, ila aliegesha juu, kwenye ardhi kavu. Waosha magari waliomzoea wakamwuliza kama leo anaogopa viboko. Akawaambia viboko wenyewe wanamwogopa, akachukua ndoo. Alishuka na kupanda, alishuka na kupanda, akimwaga maji juu ya bati kwa adabu, akipangusa kwa kitambaa. Kupangusa mgonjwa. Aliona haya kiasi kwamba hakuthubutu kulitazama ziwa.

"Hapo kwa mlango umeacha."

Debra alikuwa amekuja na boda, bado na sare ya kazini. Alivua viatu, akaketi juu ya jiwe, akaweka miguu ndani ya maji, akanyoosha kidole.

"Na hapo nyuma. Hiyo pembe. Baba, hiyo ni kuosha ama ni kupaka?"

Mzee akasimama na ndoo yake. Kisha akarudi kwenye mlango, akausugua upya, wote, taratibu, kama mtu asiyetaka kumaliza.

Jumapili, baada ya ibada, wanakwaya walikuwa wameshahamia upande wa pili wa ukuta kabla hajawasha injini. Gari likatoka pole pole, likapita getini, likashika barabara bila kutikisa hata kitambaa cha kichwa cha Debra. Mama mmoja wa sauti ya kwanza, aliyekuwa amevaa raba makusudi, alionekana kuvunjika moyo.

Debra hakunyoosha mkono kuomba funguo. Alikuwa anatazama chini, pale ambapo mguu wa kushoto wa babake, ule mnene, ulikuwa ukikanyaga sakafu na kuachia, taratibu, bila kelele.