Msalaba wa Chuma cha Reli

Mzee Magesa alifanya kazi ya gengi miaka thelathini na mmoja, akitembea na nyundo juu ya reli ya huko Songwa, akigonga na kukaza boliti moja moja. Wezi wa vyuma aliwachukia kama ukoma. Aliwahi kuona behewa limelala ubavu juu ya watu wawili, kisa boliti nne zilizouzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Mkewe Juliana alipofariki, msimamizi wa gengi, Theonest, alimwambia Magesa achukue kipande cha reli kuukuu kilichotupwa porini, maana misalaba ya miti huliwa na mchwa. Fundi akakikata na kukichomelea kuwa msalaba wa kaburi. Karatasi hakupewa. Nani huomba risiti msibani?

Miaka ikapita, ikaja sheria mpya ya kulinda miundombinu ya usafiri. Ofisa aliisoma mkutanoni: atakayekutwa na chuma cha reli bila kibali ni mhujumu, anafungwa, faini hakuna. Magesa alipiga makofi kuliko wote. Wakamchagua kwenye kamati ya ukaguzi, naye, masikini ya Mungu, akavimba kichwa.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mariana, mjane muuza maandazi. Mafiga yake yalikuwa vipande vitatu vya reli alivyoachiwa na baba yake.

"Baba Zipora, si ulifanya kazi na baba?" alimsihi Magesa. "Waambie alipewa."

Magesa alijua fika kwamba alipewa. Lakini askari alikuwa pale na daftari lake, na mzee wetu akajibu, "Sheria ni sheria, mama." Ningekuwepo ningemzaba kofi.

Mariana akanyoosha mikono afungwe pingu. "Haya, mimi naenda," alisema bila hasira. "Kwa mama Zipora mtapita lini?"

Askari hakuelewa. Magesa alielewa. Alasiri ile ile alikwenda makaburini na sururu, akaung'oa msalaba wa mkewe huku akilia kwa sauti, akautumbukiza lamboni wanakonywesha ng'ombe.

Mahakamani aliitwa aseme anachojua kuhusu yale mafiga. Akasema hajui kitu. Mariana akafungwa.

Mvua za Novemba zikayashusha matuta ya makaburi yote yakafanana. Krismasi, bintiye Zipora alikuja kutoka Kahama na maua mkononi, akasimama katikati ya makaburi yasiyo na alama.

"Baba, mama yuko wapi?"

Magesa akaangaza huku na huku, kisha akamwonyesha tuta lililokuwa karibu zaidi.