Kidonge cha Samaki wa Senge

Jana binti yangu alirudi kutoka shuleni akinipumulia usoni harufu ile: machungwa ya uongo, matamu, yenye chaki ndani yake. Walikuwa wamepewa dawa ya minyoo. Mtanisamehe, ilibidi nikae chini kwanza. Harufu hiyo hunirudisha Matungu, sebuleni kwa Senge Mwanaisha, dada yake baba, aliyekuwa na tangi la kioo lenye samaki sita.

Senge hakujaliwa watoto. Samaki wale aliwapa majina na kuwasalimia kila asubuhi, nami nilimcheka mpaka nikajikuta nawasalimia pia. Kisha Sukari, mkubwa wao, akaanza kukonda. Nyuma yake zilichungulia nyuzi nyekundu zikijinyonganyonga.

"Hiyo ni minyoo," Senge alisema.

Kwenye duka la dawa za mifugo walimuuliza mgonjwa ni ng'ombe au mbuzi. Aliposema samaki, walicheka. Alirudi mikono mitupu, akawa anabadilisha maji tu, asubuhi na jioni, na nyuzi zikazidi.

Wiki hiyohiyo tukagawiwa vidonge shuleni. Mwalimu alitukagua midomo, lakini changu nilikibana juu ya ufizi, nikatembea nacho hadi kwa Senge kikiyeyuka kidogo kidogo, watu wakinisalimia njiani nami siitikii, kama mtoto asiyefunzwa adabu. Nilikisaga kwa kijiko, nikamwaga unga tangini. Ulishuka taratibu ukalala juu ya changarawe. Nilikaa pale nikiuangalia na kuomba dua zote nilizozijua.

Walikufa wote, mmoja mmoja, wa mwisho siku ya Ijumaa. Nililia mpaka nikaropoka habari za kidonge. Nilitegemea angalau anikumbatie. Senge alijifunga leso, akatoka. Aliporudi alikuwa na kidonge kingine kutoka duka la dawa.

"Tafuna nikiona," alisema. "Fungua mdomo. Inua ulimi. Na huku juu pia."

Nilimchukia siku ile. Niliamini ananiadhibu kwa sababu samaki wake wamekufa.

Jana nilimshika binti yangu kidevu, nikachungulia ufizi wake ingawa alishaniapia kwamba amemeza. Hapo ndipo nilipoikumbuka mikono ya Senge kwenye kidevu changu. Wale sita hakuweza kuwafanyia chochote. Nilikuwa nimebaki mimi, na dawa yangu ilikuwepo.