Nane ya Koplo Gaster

Nulu binti Zubairi alizaliwa Mpumudde, Jinja, kwa baba muuza vitambaa, na Kiswahili alikinywa pamoja na uji. Majirani walikiogopa, kwao kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani na vitako vya bunduki. Nulu alikitumia kuombea punguzo sokoni. Basi Kiswahili hichohicho ndicho kilichompatia kazi Mbale mwaka 1988, vita vya Teso vikiwa vimepamba moto, katika chumba cha mazoezi cha askari majeruhi. Askari wale kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, na bila Kiswahili hawakuelewana hata kuombana chumvi.

Aliwashika mikono wakijifunza kutembea upya. Na kila Jumatatu alimuuliza kila mtu: "Afya yako leo unaipa ngapi kwa kumi?" Sifuri ni hoi, kumi ni mzima wa afya. Jibu aliliandika kwenye fomu. Wafadhili wa chumba ndivyo walivyotaka, mgonjwa ajisemee mwenyewe.

Baada ya miezi sita akaja mkaguzi wa wafadhili kutoka Kampala, bwana Kirunda. Alipekua fomu, akavua miwani.

"Mama Nulu, makubwa haya! Watu wanaingia na nane, sasa wana tano. Hiki chumba kinatibu au kinaumiza? Namba zikibaki hivi, mwisho wa mwezi kinafungwa."

Majeruhi kumi na mmoja walikuwa bado kwenye magongo, na pengine pa kuwapeleka hapakuwapo.

Kosa alilijua, na lilikuwa lake. Wale watu walishushwa kwenye lori na sajini wao, na sajini akasimama mlangoni wakati wanaulizwa. Tena Nulu mwenyewe alikuwa na koti jeupe, kalamu na karatasi. Sasa wewe niambie, askari gani atamwambia mwenye kalamu kwamba anaumwa, mkubwa wake akisikia? Wakampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: nane, afande! Tisa, afande! Koplo Gaster, aliyekatwa mguu juu ya goti, alitamka nane bila kupepesa. Wiki zikapita, wakaanguka naye, wakacheka naye, wakaanza kumwambia kweli. Kweli ilipoanza, namba zikaporomoka.

Kirunda hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa sauti ya chini, "Zibadilishe zile za mwanzo. Weka mbili, weka tatu. Nani atajua?"

Tusidanganyane, mkono wa Nulu uliifikia kalamu. Kisha akapandwa na hasira, hata hakujua ni kwa nani.

"Siandiki kisichosemwa! Twende tuwaulize."

Gaster alikuwa karibu, amefungwa mguu wa mti, ameshika ukuta.

"Koplo, leo unajipa ngapi?"

"Tano. Kisigino kinaniuma, kile nisichokuwa nacho."

"Na siku uliyokuja? Ukiitazama leo, ulikuwa ngapi?"

Gaster alimtazama mkaguzi, akamtazama Nulu.

"Ile nane ilikuwa ya sajini. Yangu ilikuwa sifuri. Nilikuwa nimeamua nisiione Jumatatu nyingine."

Nulu aliikumbuka siku ile vizuri: aliandika nane, akamwambia hongera, akaenda kula matoke. Aibu ilimjaa mpaka macho yakamwasha.

Kirunda alikohoa. "Mama, fomu haina nafasi ya maneno hayo."

"Ina mgongo, bwana. Igeuze."

Akaigeuza. Mmoja baada ya mwingine waliulizwa, na wengi namba ya mwanzo waliishusha wenyewe. Mpaka saa kumi Kirunda alikuwa ameandika nyuma ya fomu kumi na moja, na kabla hajapanda gari alisema chumba hakifungwi, atakitetea yeye mwenyewe huko Kampala. Majeruhi walipiga magongo sakafuni kwa furaha. Nulu hakuweza kufurahi nao. Alikwenda kuketi kando ya Gaster.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuwa mbele yako na sikuona."

"Nikusamehe nini?" Gaster alikuwa akifungua mikanda ya mguu wake. "Siku ile ulipomaliza kuandika uliniambia, 'Jumatatu nitakuuliza tena.' Ikabidi nikungoje."