Simu Iliyomsomea Mama Brayo

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ambayo redio za mstari wetu wa nyumba kule Kaloleni zilizimwa moja baada ya nyingine, nami nikadhani watu wameishiwa na betri kwa pamoja. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nafua nguo kwenye mfereji wa pamoja. Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Mama alikuwa kijijini na wadogo zangu, na mimi ndiye niliyempikia baba na kumfulia. Siku zile redio ndiyo ilikuwa kitu cha kisasa. Mwenye redio aliiweka dirishani ili jirani asikie, na zaidi ya kusikia, ajue kwamba ipo.

Jirani yetu mzee, Bibi Rasoa, akaja mferejini akaniambia niache kufua niende kwake, eti mgongo unamuuma na anataka msaada. Nikaenda. Akanikalisha kwenye kiti chake chenye mito, ambacho watoto wa watu walikuwa hawakikalii. Akanipa chai, akanisubiri niinywe. Wakaingia wanawake wawili wa kanisani, mmoja akakaa kulia kwangu, mwingine kushoto, mlango ukafungwa. Ndipo aliponiambia kwamba mnyororo wa winchi ulikatika karakanani, na baba hayupo tena.

Baada ya mazishi nilimrudia Bibi Rasoa kwa hasira. Nilikuwa nimejua kwamba mjumbe wa karakanani alifika kwake kitambo, mimi bado nasugua kola za baba. Mstari mzima ulijua, na ndiyo maana redio zilizimwa. Nikamwambia walinifanya mjinga. Hakupandisha sauti, lakini macho yake yalinikaripia kabla ya mdomo.

"Tulijua, ndiyo," akasema. "Lakini wewe ulikuwa umesimama kwenye saruji yenye maji, mikono imejaa sabuni, peke yako. Kama ningekupigia kelele kutoka mlangoni, ungeangukia wapi? Habari kama hiyo hairushwi, msichana. Inabebwa na mtu mzima, inapelekwa kwa mtu aliyeketi."

Hata mama hakupelekewa telegramu, ingawa posta haikuwa mbali. Baba mdogo alisafiri hadi kijijini kumwambia kwa kinywa chake. Mimi niliona huo ni ushamba wa wazee wasiojua kwamba dunia imeendelea. Ujana una kiburi chake, na mimi changu kilikuwa kimejaa debe.

Sasa ni mimi ninayeitwa Shosh, yaani bibi, na kila mtoto wa mtaa wa Umoja, hata wale ambao sijui wamezaliwa na nani. Na usidhani nina ugomvi na vyombo vipya. Ninayo simu, nilinunuliwa na wanangu, na naitumia vizuri kuliko wanavyodhani. Lakini kila nikitazama taarifa ya habari naona kijana mwenye viatu vyeupe akituonyesha simu nyingine, yenye kamera moja zaidi ya ile aliyotuonyesha juzi. Ya safari hii inakunjika. Hata leso yangu inakunjika, na haijawahi kutangazwa popote. Kuna saa inayokuambia jinsi moyo wako unavyopiga. Wangu ukiacha kupiga, sidhani nitakuwa na haja ya kuangalia saa. Na kuna hii akili bandia, ambayo nasikia sasa inaandika mpaka rambirambi. Umefiwa, rafiki yako anabonyeza, maneno matamu yanatoka, anakutumia hata kabla hajayasoma. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mengine ningependa yanipite.

Mama Brayo ni jirani yangu wa chini. Anapika chapati langoni mwa ploti yetu, na watu wa orofa zote tunakula kwake. Macho yake yameingia ukungu, haoni maandishi. Mwanawe Brayo, kijana wa boda boda mwenye utani mwingi, alimnunulia simu, akaitengeneza iwe inamsomea ujumbe wote kwa sauti. Sauti yenyewe ni ya mwanamke asiyejulikana, anatamka Kiswahili kama mtu anayesoma mtihani. Ilikuwa inasoma hata vile vijipicha ambavyo nyinyi hutumiana. Mlinzi wa lango akituma mzaha kwenye grupu ya ploti, utasikia langoni, "Uso unaocheka kwa machozi, uso unaocheka kwa machozi." Tulicheka sana. Mama Brayo aliringa nayo, na alikuwa na haki ya kuringa. Mtoto wake alikuwa amemrudishia macho.

Alasiri moja mwaka huu nilikuwa nimekaa chumbani kwangu, orofa ya tatu, nachambua mboga. Simu yangu ikalia. Kevo, kijana wa orofa ya pili, alikuwa ameandika kwenye grupu: "Wasee, Brayo ametuacha. Lori imemgonga hapo barabarani Outering sai. Pumzika poa bro." Chini yake akaweka picha. Sitakueleza ilikuwa na nini.

Mboga zilimwagika. Nilijua yule mama yuko wapi na anafanya nini. Amesimama mbele ya jiko la makaa, kikaangio cha mafuta kinachemka, simu iko mfukoni mwa aproni. Nikashika ukuta nikaanza kushuka. Nikiwa ngazini nikasikia simu zikilia ndani ya nyumba za watu, mlango huu, mlango ule, kila mmoja akijibu kwa haraka asionekane hajaguswa. Nikaita, "Nani yuko chini? Mtu achukue simu ya Mama Brayo!" Hakuna aliyeitika. Wote walikuwa wameinamia zao. Wanasema mwenda pole hajikwai. Ni kweli sikujikwaa, lakini nilichelewa.

Nilikuwa sijamaliza ngazi za mwisho nilipoisikia ile sauti ya mtihani. Ilikuwa imeshamaliza maneno ya Kevo, sasa inasoma ya wengine, bila kupumua, bila kupunguza. "Pole sana Mama Brayo. Moyo uliovunjika. Moyo uliovunjika. Mikono iliyounganishwa. Ametangulia. Mshumaa. Maji yatakuwa kesho asubuhi, jazeni mitungi. Pole kwa familia. Moyo uliovunjika."

Aliyeuliza habari ya maji alikuwa ameuliza asubuhi, na mlinzi akaona huo ndio wakati wa kumjibu.

Mama Brayo alikuwa amesimama, mti wa kusukumia chapati uko mkono mmoja. Alipoanza kuyumba alishika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa kikaangio. Alikishika, mwanangu, akakishikilia. Nilifika, nikaubandua mkono wake kwa mikono yangu miwili. Ngozi ya kiganja ilibaki pale. Hakulia. Hakujua kwamba ameungua. Nikamkalisha chini, kwenye vumbi, kwa sababu hapakuwa na kiti, nikaitoa ile simu mfukoni mwake nikaanza kuibonyeza popote ili inyamaze. Sikujua inazimwa vipi. Nayo ikaendelea kusoma.

Akanishika nguo kwa mkono ule mzima.

"Usiizime, Shosh," akasema. "Ngoja kwanza imalize. Pengine itasema ni mwingine."

Nimezika wazazi, nimezika mume, na sijawahi kusikia neno lililonikata kama lile. Tulikaa hapo chini tukiisikiliza, yeye akiisubiri ijirekebishe, hadi mpangaji mmoja akashuka mbio akaizima.

Kevo alikuja kwangu baada ya mazishi. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, amekonda.

"Shosh, mi sikuwa na nia mbaya," akasema. "Nilitaka watu wajue haraka ndio tumsaidie. Na nilidhani mamake ashaambiwa. Pale barabarani kila mtu alikuwa anajua."

"Kila mtu," nikamjibu. "Kasoro mwenyewe."

Sikumtukana. Nilitaka, lakini ningemtukana yeye peke yake na ploti nzima ilikuwa na hatia pamoja naye. Walioweka mishumaa ni wengi kuliko waliotoka nje ya mlango, na baina yao kulikuwa na watu wazima ambao mama zao waliwalea vizuri. Wote walikuwa hatua chache kutoka kwa yule mama. Hata mimi, nilipokuwa nashuka, sikukumbuka kuandika kwenye grupu neno moja la kuwanyamazisha. Nilikumbuka miguu tu, na miguu yangu ni hii.

Mama Brayo amerudi langoni. Anapika kwa mkono wa kushoto, kile kiganja cha kulia kimejikunja na hakifunguki vizuri. Simu bado anayo, na bado inamsomea, kwa sababu aliyeitengeneza hayupo na yeye hataki mwingine aiguse. Tunaendelea kumwita Mama Brayo. Tungemwita nani?

Basi nisikilize, mwanangu, na kama umechoka na maneno ya wazee, chukua haya tu uache mengine. Nunua simu inayokunjika, nunua hata itakayopaa. Lakini siku utakapojua kwamba mtu amefariki, jiulize kwanza kama mwenye msiba anajua, na usijijibu mwenyewe. Kuona wengi wameandika si ushahidi kwamba mama ameambiwa. Wengi wanaweza kujua jambo na asiwepo hata mmoja aliyelibeba. Usipige picha ya mtoto wa mtu amelala barabarani. Vua shati umfunike, kisha utafute mzee mmoja wa kwao, mwende wawili au watatu, mmwondoe mwenye msiba kwenye moto na kwenye ngazi, mumkalishe, mumshike, ndipo mseme. Na mkisema msimwache. Utaambiwa unachelewesha habari. Ndiyo, icheleweshe. Kifo hakina haraka tena, kimeshafanya kazi yake. Ulimi hauna mfupa, wazee walisema, na wao hawakuwa wamekiona kidole kinachobonyeza simu.

Mungu akulinde barabarani, akulindie mama yako, akupe marafiki watakaokuja kwako kwa miili yao. Na siku itakapokuwa zamu yako kubeba neno zito, akupe miguu inayofika kabla ya vidole vya watu. Yangu haikufika.