Wanataka Nikae Ndani Siku ya Posa Kwa Sababu Niliitwa Mama Korona

Salaam aleikum admin, na nyinyi wote mnaosoma. Jina langu lifiche kabisa. Isiolo ni ndogo, na mimi nikikohoa hapa mtaani Wabera, wanasikia mpaka sokoni. Hilo la kukohoa mtaelewa mbele.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita. Shule niliachia darasa la tatu, mnivumilie nikiandika vibaya. Nina mume na watoto wanne, na kazi yangu ni kuuza maziwa ya ngamia. Msichana wangu wa kwanza amepata kijana wa watu wa Merti. Kijana sina neno naye. Neno liko kwa watu wake.

Kwetu maziwa hayawekwi kwa chombo hivi hivi. Gorfa, ule mtungi wetu wa kusukwa, unaufukiza kwanza na kijiti cha moto mpaka ndani kunukie moshi. Ukifukiza ndani ya nyumba, lazima ukohoe. Mama yangu alikohoa, nyanya yangu alikohoa. Sasa wakati ule wa korona, watu wamefungiwa, mimi nikafukiza ndani nikakohoa kama kawaida. Mke wa shemeji yangu, tunakaa ploti moja, akanisikia kupitia ukuta. Akapigia watu wa afya simu.

Walikuja na gari, wamevaa nguo nyeupe mpaka usoni. Nikawaambia, "Wanangu, ni moshi." Mmoja akasema, "Mama, ingia tu gari." Majirani wamejaa milangoni, wengine wanapiga picha. Nilifungiwa na wengine kwa shule fulani mpaka majibu yakatoka kwamba sina kitu. Kurudi, nyumba imepuliziwa dawa, na gorfa ya marehemu mama yangu imemwagiwa klorini ndani. Nilipoinusa nililia kuliko siku niliyochukuliwa.

Gari lilipokuja, mtaa wote uliona. Majibu yalipotoka, hakuna aliyekuja kusikia. Nikawa Mama Korona. Sokoni mteja anauliza, "Haya maziwa ni ya nani?" Akiambiwa, anasonga. Ikabidi rafiki yangu auze maziwa yangu kama yake. Hao hao wakayanunua, wakarudi kuongeza, wakasema ni matamu. Hakuna hata mmoja aliyekohoa!

Na hata kama ningekuwa nayo kweli, mgonjwa ni mwizi? Kuna watu mtaani kwetu waliugua kweli wakanyamaza mpaka wakazidiwa, kwa sababu waliona vile mimi nilifanywa. Hiyo hakuna mtu anaitaja.

Miaka imepita. Barakoa hakuna, watu wanasalimiana kwa mkono tena, lakini jina lilibaki na mimi. Nimelizoea, hata naitika kwa utani. Sasa juzi mume wangu ameniita akaketi akitazama chini. Watu wa Merti wametuma neno. Kwetu wageni wa posa wakifika, mama wa msichana ndiye anawamiminia maziwa, wazee wakinywa ndio mazungumzo yanaanza. Wamesema siku hiyo amimine mtu mwingine.

"Nani?" nikauliza.

"Mke wa ndugu yangu."

Yule yule wa simu! Nikacheka.

"Unacheka na mimi nakuomba," akasema. "Kaa ndani siku moja tu. Utamharibia mtoto."

"Baba watoto," nikamwambia, "mimi nilishafungiwa nikiwa mzima kwa sababu ya moshi. Sirudi ndani tena."

Wallahi ingeishia hapo singewasumbua. Lakini msichana wangu alikuja jikoni akanishika bega. "Mama, mimi najua wewe huna kitu. Lakini wao hawajui. Kaa tu ndani, ni maziwa tu."

Maziwa tu! Yeye amesomeshwa na hayo maziwa tu, mpaka chuo. Nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mke wa shemeji simchukii. Aliogopa, sote tuliogopa. Nilimwendea nikamuuliza kama atakubali kumimina. Akasema, "Mimi nitafanya vile wazee wamesema, dada," na hakuniangalia machoni. Mtu hukosea akiwa na hofu, hiyo naelewa. Lakini hofu imeisha, sasa hii ni nini?

Gorfa ya mama sikuitupa. Niliifukiza, nikaosha, nikaifukiza tena, mpaka klorini ikashindwa. Leo asubuhi nimeitoa nikaifukizia nje kwa geti, na nimekohoa kwa sauti, anayetaka kusikia asikie. Mama mmoja kwa boda alinipita akaniita, "Mama Korona, wageni wanakuja lini?" Nikamwambia, "Jumamosi. Karibu unywe."

Kwa hivyo kumimina nitamimina, kwa hilo msinishauri. Wazee wa Merti wakikataa kikombe, wakatae wakiniangalia usoni. Kinachonitetemesha ni msichana wangu. Naogopa nitatoka na gorfa niangalie nyuma nimwone ameinamisha kichwa, ananionea aibu kama wale wa milangoni. Hiyo siwezi kuibeba. Nyinyi mnaojua kuongea na hawa watoto waliosoma, niambieni: nimwambie nini kabla ya Jumamosi, ndio nikitoka na maziwa, yeye atoke nyuma yangu na vikombe?