Kazi Zilizolala Kitui

Kwa miaka saba nilikuwa msimamizi wa foleni, na niseme ukweli mapema: niliipenda foleni ile kuliko kazi yenyewe.

Tulikuwa wanawake wawili tulioandika programu za kompyuta kwa ajili ya muungano wa wakulima wa Kitui na Makueni. Mimi nilikaa Kitui mjini, kwenye ofisi iliyo nyuma ya soko, pamoja na mashine. Mwenzangu alikaa ofisi ya Makueni, na mashine aliiona kwa macho mara moja tu kwa mwaka, akija mkutanoni. Ilikuwa kompyuta kuu, ya aina ile ambayo mabenki huwa nayo. Benki moja ya Nairobi ilipoichoka, muungano ukaichukua. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, ikawekwa chumba chake chenye kiyoyozi, na jua la Februari likiwaka kila mtu ofisini alijitafutia sababu ya kuingia humo.

Ilikuwa mashine imara, ila imezeeka. Programu yoyote tuliyoandika ilibidi ijaribiwe kwanza kwa orodha nzima ya wanachama, kutoka Zombe hadi Mtito Andei, ndipo iruhusiwe kufanya kazi ya kweli. Ukiianzisha baada ya chai ya saa nne, matokeo unayapata watu wakifunga madirisha kwenda nyumbani. Jaribio moja, siku nzima. Kwa hiyo kazi zilipanga foleni ndani ya mashine, yangu na yake, na aliyeketi karibu na mashine ndiye aliyekuwa na uwezo wa kusogeza moja mbele na nyingine nyuma. Huyo alikuwa mimi.

Yeye nilimwonea wivu tangu muhula wa kwanza chuoni, tulikolala chumba kimoja na kupikia sufuria moja. Sababu zenyewe zilikuwa za kipuuzi. Nikitoka jasho wiki nzima juu ya swali, yeye alilitazama huku akichambua ndengu, akasema, "Lakini hapa si umeruka hatua?" Na kweli nilikuwa nimeruka. Hakujigamba. Angejigamba ningemchukia vizuri, nikamaliza. Alisema kwa upole, kisha akarudi kwenye ndengu zake. Hata mwandiko wake ulikuwa mzuri. Hata nywele zake zilikubali kila msuko, wakati zangu zilikuwa zikikatika kama nyasi za Agosti.

Tulipoajiriwa wiki moja, yeye akapelekwa kwao Makueni na mimi nikabakizwa kwetu Kitui na mashine, nilisema moyoni kwamba safari hii Mungu amenikumbuka.

Alikuwa akinipigia simu karibu kila wiki.

"Mwaitu, nimetuma job ingine. Si uniangalilie, please?"

Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, na mwanamke yeyote tunayetaka kumpa heshima. Heshima hiyo ilinipanda kichwani. "Iko kwa line," nilimjibu, kama daktari mwenye wagonjwa wengi.

"Mungu akubariki, mwaitu."

Mara ya kwanza kumrudisha nyuma nilikuwa na sababu. Nilikuwa na mkutano, kazi yake ilikuwa mbele ya yangu, nikazibadilisha. Mara ya pili sababu ilikuwa ndogo zaidi. Mara ya tatu sikutafuta sababu. Sikuzirudisha zote, sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilizirudisha zile nilizojua zitasifiwa. Akiuliza, nilimwambia mashine imelemewa, kazi yake imelala Kitui, itaamka kesho. Tulicheka pamoja juu ya hilo. Ukawa utani wetu, kazi zilizolala Kitui, na ni mimi peke yangu niliyejua nani anazibembeleza zilale. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Kisha ikaja orodha ya mbegu.

Huku kwetu watu hupanda kabla ya mvua ya Oktoba, udongo ukiwa bado mkavu, ili tone la kwanza likute mbegu tayari iko chini. Mbegu lazima ziwe zimefika maghalani mawingu yakiwa bado hayajaonekana. Mwaka ule tulikuwa na programu mpya ya kuamua kila eneo lipate mbegu gani: sehemu kavu zipate ndengu na mawele ya kukomaa upesi, vilima vya Makueni vipate mahindi na maharagwe. Sehemu ya Makueni aliiandika yeye. Akaituma kwa wakati. Nikaiona inaingia, safi, imepangwa vizuri, na roho ikaniuma. Mbele yake nikaweka kazi zangu tatu ndogo, zisizopitia orodha nzima, ambazo zingeweza kungoja hadi Krismasi. Zikala siku nzima.

Orodha ikatoka siku moja baadaye. Malori yakaondoka siku moja baadaye. Mvua, ambayo mwaka huo haikuwa na subira, ikalikuta lori moja kwenye barabara ya udongo, likakwama hapo siku nne. Kule vilimani watu walipokea mbegu wakati mahindi ya majirani yameshachungulia.

Mkutano ukaitishwa Kitui. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye bado aliuliza maswali kama ameshika chaki, akamtaka mwenzangu asimame aeleze. Akasimama. Alikuwa amevaa sweta ya kijivu, vidole vyake vinashika ukingo wa meza.

"Nilituma late, mwenyekiti. Haitarudia."

Akaketi. Mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkono huu na andazi mkono ule. Kinywa changu nilikifungua mara moja tu, kuuma andazi.

Nilijiambia hajui. Nilijiambia labda anadhani kweli alichelewa, maana watu wapole hujilaumu ovyo. Ningependa kuandika kwamba baada ya siku ile niliacha. Sikuacha. Nilipumzika miezi miwili, kisha nikaendelea.

Lakini jambo la ajabu likatokea, na lilinitesa kuliko dhamiri. Nilimrudisha nyuma siku nzima na bado kazi yake ilifika mezani kwa mwenyekiti kabla ya yangu. Haikuchelewa tena hata moja. Na zilitoka safi. Mimi programu moja niliijaribu mara tatu, mara nne, kila mara nikikuta kosa jingine. Yake ilipita mara moja, basi. Nilikaa mbele ya lile kabati nikijiuliza anapata wapi muda ninaomwibia.

Mwaka jana kamati ikaamua mashine ibadilishwe. Mafundi wa Nairobi wakaja na picha zao, wakatueleza kuhusu kumbukumbu kubwa zaidi na bongo mpya zinazofanya kazi nyingi kwa pamoja. "Test iliyokuwa ikichukua siku," mmoja wao akasema, "mtapata results kabla chai haijapoa." Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga, nikiwaza: foleni ya dakika chache inahitaji msimamizi wa nini?

Mwenyekiti akasimama. Mashine mpya itakaa Makueni, akasema, kwa sababu wameshajenga chumba kizuri, na pia kwa sababu kazi za kule hutoka safi mara ya kwanza. Mwenzangu ndiye atakayeisimamia. Nilikwenda kumpongeza na tabasamu lililoniuma taya. Nilimwonea gere hadi viatu, na vilikuwa viatu vya kawaida vya mpira. Makueni walikuwa na maembe, walikuwa na barabara, sasa na mashine. Sisi tungebakiwa na kiyoyozi.

Halafu mwenyekiti akaniambia jambo dogo, kama mtu anayekukumbusha kubeba mwavuli. Nitoe nakala ya rekodi yote ya mashine ya zamani, miaka yote saba, niipeleke Makueni mwenyewe, ili kasi ya mpya ipimwe kwa ya zamani.

Mashine zile huandika kila kitu. Kazi imetumwa na nani, imeingia saa ngapi, imeanza saa ngapi, na kama imesogezwa, imesogezwa na nani. Herufi mbili za jina langu zilikuwa humo, mstari baada ya mstari.

Siku tatu nilikaa na rekodi ile. Nilikuwa na uwezo wa kuifuta. Nilikuwa na kila ufunguo. Nikaiandika amri yenyewe, nikaitazama ikimeta kwenye skrini, nikaifuta hiyo amri badala yake. Asinisifu mtu. Niliogopa tu. Rekodi ikiwa na pengo, wa kwanza kuulizwa ningekuwa mimi. Nikaichukua nakala, nikaifunga ndani ya leso, nikaipakata kwenye pikapu ya muungano hadi Makueni.

Alinikumbatia mlangoni. "Karibu, mwaitu! Ingia uone mtoto."

Mashine mpya ilikuwa ndogo kuliko ile yetu, haifiki hata bega langu, na haina kelele. Chumba kilikuwa na sakafu ya vigae vyeupe. Nilionea wivu hata vigae. Kwenye rafu nyuma yake niliona mafungu ya karatasi, programu zake zote zimechapishwa, na kila ukurasa umejaa alama za penseli.

"Hizi ni za nini?" nikauliza.

"Ni zile za kungojea. Job ikilala Kitui, mimi nakaa hapa naisoma na penseli, line kwa line. Makosa mengi nilikuwa nayapata hivyo, narekebisha kabla ianze."

Nikaketi. Miaka yote ile nilidhani ninamvuta mkia, kumbe ninampa nafasi ya kusoma. Usafi uliomletea mashine ile niliutengeneza mimi kwa mikono yangu.

Akamimina chai vikombe viwili kutoka kwenye thamosi. Kisha akaingiza nakala yangu, na rekodi ikaanza kupita kwenye skrini. Niliona herufi zangu zikipanda. Yeye alikuwa akiangalia saa za kuanza na kumaliza, uso wake haubadiliki, kidole chake kinashuka taratibu.

"Kuna kitu nataka kukwambia," nikasema.

"Ngoja kwanza tujaribu."

Akaichagua orodha ya mbegu, ileile. Akaiamuru ianze. Nilitia sukari, nikakoroga, na kabla sijatoa kijiko kikombeni matokeo yalikuwa yameshatoka, kata zote, vilima vyote. Akaruka na kupiga makofi. Na mimi, nikiwa pale na siri yangu kooni, bado nilipata nafasi ya kumwonea wivu kwa namna alivyofurahi.

Nikasema haraka kabla sijaogopa. "Zile kazi zako. Ni mimi nilikuwa nazirudisha nyuma. Hata hii ya mbegu."

"Najua."

"Umeona sasa hivi?"

"Aka. Tangu hiyo ya mbegu. Nilipigia simu fundi wa Nairobi, yule huangalia hiyo mashine yenu kutoka huko, akanisomea log yote."

"Na mbona hukusema kwa meeting?"

Akavuta kiti, akaketi karibu nami. Hakuwa na hasira, na hakuwa na huruma pia. Alikuwa amechoka kidogo, kama mtu anayerudia jambo alilokwisha kulifikiria sana.

"Ningesema, wangesema wamama wawili wanapigania mashine. Wangetutoa wote wawili. So nikaanza kutuma mapema. Kila job, siku mbili kabla ya ile inatakikana. Siku moja ya mashine, na siku moja yako."

Miaka mingi alikuwa ameniweka kwenye hesabu zake, kama watu wetu wanavyoweka ukame. Hakuninung'unikia. Alipanga kazi zake kunizunguka, akapiga simu, akaniita mwaitu, akaniombea baraka.

Nilitaka kuomba msamaha, na nadhani niliomba, lakini sikumbuki kwa maneno gani. Ninachokumbuka ni kwamba aliinua kikombe chake akakielekeza kwenye ile mashine mpya, iliyokuwa imenyamaza, imemaliza kazi yake na inangoja nyingine.

"Siku ya mashine imeisha, mwaitu," akasema. "Imebaki yako."

Nilimeza chai yangu. Ilikuwa bado moto, ikaniunguza ulimi.